Siku Avril Alipomwita Bi Komeo

Bi Komeo alipewa jina hilo kwa sababu hakukuwa na komeo lililomshinda. Alikuwa nguruwe jike mnene, mweupe, mwenye madoa meusi nyuma, na alizaliwa katika shamba la Stannard nje kidogo ya kijiji cha Wenfield, huko Suffolk, mashariki mwa Uingereza. Ardhi ya huko ni mchanga mtupu, na nguruwe hufugwa nje, wakilala kwenye vibanda vya bati vilivyopinda kama pipa lililopasuliwa katikati. Wenzake walikula, wakalala, wakazaa, wakala tena. Yeye alikuwa na kazi ya ziada. Alisimama mbele ya lango, akalitazama weee, halafu akaingiza ncha ya pua chini ya chuma, akakiinua, akasukuma kwa bega. Ukigeuka yuko bustanini anatafuna kabichi za Avril.

Clifford Stannard, mwenye shamba na mume wa Avril, alijaribu kila namna. Akaweka komeo la kuzungusha, likazungushwa. Akafunga kwa kamba, kamba ikaliwa.

"Huyu si nguruwe," alimwambia mkewe siku moja akiwa ameshika kipande cha kamba kilichobaki. "Huyu alikuwa mvunja benki, akafa, akarudi."

"Basi mpe heshima yake," Avril alijibu. "Labda anataka kazi."

Akaichukua penseli na kumchora Bi Komeo amevaa aproni ya fundi, spana mkononi.

Avril hakusomea uchoraji. Baba yake alikuwa tarishi wa posta katika kijiji cha jirani, na yeye aliolewa na Clifford akiwa binti mdogo, akaingia kwenye matope ya nguruwe moja kwa moja kutoka kanisani, kama alivyopenda kusema. Alichora mezani jikoni, kati ya chungu cha jemu na bili za chakula cha mifugo, nyuma ya karatasi yoyote iliyokuwa karibu. Hawakujaliwa watoto. Walilizungumzia hilo miaka ya mwanzo, kisha wakaacha kulizungumzia.

Kitabu cha kwanza alikichora kwa ajili ya gulio la shule ya kijiji, akakishona kwa uzi wa soksi. Bi Prewitt, mwalimu mkuu, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuamrisha, alikataa kukiuza. Alikituma London bila kumwambia mtu, na miezi kadhaa baadaye Avril akapigiwa simu na mhariri aitwaye Imogen, ambaye alicheka kwenye simu hata kabla hajajitambulisha. Hivyo ndivyo Bi Komeo alivyoingia kwenye maduka ya vitabu, na aproni yake, na wasaidizi wake wawili, nguruwe wadogo waliokuwa wakigombana nani ashike nyundo.

Katika kila kitabu Bi Komeo alibuni mashine. Moja ilichuma plamu juu ya mti kwa baiskeli mbovu, mwavuli na soksi ndefu za mke wa mkulima. Nyingine ilikuna migongo ya nguruwe wanane kwa mpigo kwa kutumia brashi za kusugulia sakafu. Kitu ambacho wasomaji hawakukijua ni kwamba mashine hizo zilikuwepo kweli.

Ilianza na Clifford kuvaa miwani na kuinama juu ya meza.

"Hii haiendi," alisema akigonga mchoro kwa kidole chake kinene. "Mnyororo unavuta nini hapa? Hewa?"

"Cliff, ni nguruwe. Ni kitabu cha watoto."

"Mtoto si mjinga. Ataona."

Akaingia kwenye banda la zana na vyuma chakavu. Kesho yake jioni akamwita mkewe, na hapo chini ya mti wa plamu palikuwa na baiskeli iliyogeuzwa juu chini, mwavuli umefunguka, na plamu zinadondoka moja moja ndani ya soksi. Avril alicheka mpaka akakaa chini kwenye nyasi. Tangu siku hiyo hakuna mashine iliyoingia kitabuni kabla ya Clifford kuijenga. Vitabu vilifika sita. Watoto wa mbali walimwandikia Avril kwamba wamejenga ya kwao na imefanya kazi, na barua hizo Clifford alizisoma zaidi ya mara moja, akijifanya anatafuta miwani.

Bi Komeo mwenyewe alizeeka. Akaacha kuzaa, na nguruwe aliyeacha kuzaa hupelekwa machinjioni, hakuna mjadala. Clifford alimwacha. "Ana mkataba London," aliwaambia watu baani. "Mimi ni nani nimguse?"

Kiangazi cha mwaka elfu mbili, mwezi wa Agosti, homa ya nguruwe ikaingia kaunti hiyo. Binadamu haimdhuru, lakini nguruwe inawamaliza, na huhama kwa urahisi wa kutisha, kwa gurudumu, kwa kiatu, kwa pua kugusa pua. Wizara ya Kilimo ilifunga barabara za mashamba. Kila lango likawekwa mkeka uliolowa dawa, na watu wakaacha kutembeleana. Kanisani waliketi mbalimbali, wakasalimiana kwa kichwa.

Shamba la Stannard halikuwa na nguruwe mgonjwa. Ila lori moja lililoleta chakula lilikuwa limepita kwanza kwenye shamba ambako baadaye ugonjwa ulionekana. Hilo lilitosha. Daktari wa mifugo aliyetumwa na Wizara, Bwana Ives, alikuja kuwaambia mwenyewe. Alikuwa mtu wa makamo aliyekosa usingizi, na alisimama jikoni kwa Avril na soksi zake kwa sababu viatu vyake vilikuwa kwenye dawa nje.

"Hatuwezi kusubiri majibu ya maabara, Bwana Stannard. Tukisubiri na wakawa nao, kaunti nzima imekwisha."

"Na wasipokuwa nao?"

Bwana Ives aliangalia soksi zake. "Mtalipwa."

"Sijauliza hilo," Clifford alisema.

Walikuja asubuhi, wanaume waliovaa magwanda meupe. Siku ilikuwa ya joto, na upepo ulibeba harufu ya misonobari. Avril aliambiwa abaki ndani. Clifford alikataa kubaki ndani. Alisema nguruwe wake hawajawahi kupigiwa kelele na wageni na hawataanza leo, akaenda kuwaswaga mwenyewe, kundi kwa kundi, taratibu, akiwazungumzisha kama alivyowazungumzisha kila siku. Avril alifunga dirisha la jikoni. Akasugua sufuria iliyokwisha kusuguliwa. Risasi hazikuwa na sauti kubwa kama alivyofikiri. Zilikuwa kama mtu anayepigilia misumari mbali, bila haraka, na hakomi.

Ilipita saa sita mchana ndipo misumari ikakoma, na mlango ukagongwa. Alikuwa Bwana Ives, uso umeiva kwa joto.

"Bi Stannard, samahani sana. Mmoja ametoka."

Avril hakuwa na haja ya kuuliza yupi. Watu wa Wizara walikuwa wamejenga zizi la muda kwa vyuma vilivyounganishwa na pini. Bi Komeo aliiangalia pini hiyo kwa muda, akaing'oa kwa meno, akapita katikati ya wanaume wanne waliokuwa wakinywa maji. Alivuka njia, akaingia kwenye vichaka vya miiba vyenye maua ya njano, akapotelea upande wa misonobari. Nyuma ya misonobari ilianza ardhi ya Denzil Garrod, jirani yao, na huko kulikuwa na nguruwe mia nane wazima.

"Tukimfukuza atakimbilia mbele," alisema Bwana Ives. "Akifika tu kwenye uzio wa Bwana Garrod, akagusa pua na hata mmoja, itabidi..." Alifuta jasho usoni. "Wanasema anakufuata wewe."

"Ananifuata," Avril alisema. "Anafuata ndoo."

Alitoka, akachukua ndoo ya chakula ukutani. Clifford alikuwa amesimama uani. Gwanda lake jeupe lilikuwa limechafuka kifuani, na uso wake ulikuwa wa mtu ambaye Avril hakumfahamu.

"Avril. Usiende."

"Cliff, kuna wale wa Denzil."

"Mwache." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mmoja tu. Wamekwisha kuchukua wote, mwache huyu mmoja. Atakaa msituni. Si anajua kujitafutia?"

"Na akiwa nao?"

"Hana! Mtazame, ana nini? Jana alikuwa anakula kabichi zako!"

"Cliff."

"Bibie, nakuomba."

Katika miaka yote ya ndoa yao Clifford Stannard hakuwahi kusema neno hilo la kuomba. Avril alilisikia, akajua kwamba atalisikia siku zote, na akaenda.

Alipita kwenye vichaka na ndoo. Alipofika ukingo wa misonobari alisimama, akaitikisa, chakula kikalia kwenye bati. "Njoo mama," aliita. "Njoo, njoo, njoo. Njoo mama." Hakukuwa na kitu. Alitamani kusiwe na kitu. Akaitikisa tena, na majani makavu yakavunjika huko ndani, na Bi Komeo akatokea akitembea kwa madaha, pua ina udongo, amefurahi. Hakuwa na haraka. Alifika, akasukuma goti la Avril kwa pua kama kawaida yake, kumharakisha.

Walirudi pamoja. Ni mwendo mfupi. Wanaume wote walikuwa wamesogea pembeni ili wasimshtue, isipokuwa mmoja aliyesimama nyuma ya lango, mkono mmoja mgongoni. Avril aliambiwa amwage chakula chini kisha asogee mbali. Alikimwaga mchangani. Hakusogea. Alikaa palepale mpaka Bi Komeo alipoinamisha kichwa kula, akamwekea kiganja nyuma ya sikio, mahali alipopenda kukunwa. Ndipo akatoa mkono na kupiga hatua moja nyuma.

"Asante, mama," alisema yule mwanamume baadaye, kwa mazoea tu. Kisha akasikia alichokisema, akageuka akaenda kusimama nyuma ya lori.

Clifford hakuwa uani tena. Alikuwa amerudi ndani. Malori yaliondoka jioni, na shamba likanyamaza. Mtu ambaye hajaishi na nguruwe hajui walivyo na kelele, hata wakilala. Avril alikuwa akiamka kwa sababu ya kimya.

Wiki zilipita, simu ikalia. Clifford ndiye aliyeipokea. Alisikiliza, akasema, "Haya. Ahsante kwa kupiga," akairudisha taratibu.

"Nani?" Avril aliuliza.

"Wizara. Hawakuwa nao."

"Hawakuwa na nini?"

"Ugonjwa, Avril. Hakuna hata mmoja. Damu zote safi." Alivaa kofia yake, akafungua mlango, akasimama hapo amempa mgongo. "Angeweza kwenda."

Hakusema zaidi ya hilo, siku hiyo wala siku zilizofuata. Hakumgombeza, hakumpigia kelele. Alikula alichopikiwa na kusema ahsante. Lakini neno hilo lilikaa nao mezani vuli nzima, likalala nao. Avril alijibu kimoyomoyo mara nyingi: hatukujua, Cliff, tungejuaje. Hakulisema kwa mdomo, kwa sababu Clifford alilijua hilo vizuri kama yeye, na halikuwa limemsaidia.

Siku moja Avril akasikia vyuma vikigongana uani. Clifford alikuwa amemwita mnunuzi wa chuma chakavu. Alikuwa anatoa kila kitu bandani: brashi za kukuna migongo, mtambo wa kuchambua viazi uliokuwa na pedali za cherehani, baiskeli ya plamu ikiwa bado na kipande cha soksi. Vyote viliingia lorini. Alivirusha mwenyewe, akihakikisha vinavunjika.

"Unafanya nini?" Avril aliuliza.

"Nafagia."

Imogen alikuwa akipiga simu kutoka London. Alikuwa mtu mwema na hakujua aseme nini, kwa hiyo alisema mengi. Kitabu cha saba kilikuwa kimefika nusu, Bi Komeo anajenga mashine ya kuruka, na michoro ya mwanzo ilikuwa imelala kwenye droo tangu Agosti.

"Sikuharakishi, Avril, jamani. Ila watoto wamesikia kwenye habari. Wanamhitaji sasa kuliko zamani. Akiruka juu ya hayo yote, unanielewa? Akatoroka."

"Alitoroka," Avril alisema.

"Enhe! Hivyohivyo!"

Avril akakata simu. Akakaa mezani, akachora kwa siku kadhaa mfululizo, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kiangazi. Ilikuwa picha moja. Mwanamke, nguruwe, ndoo. Nguruwe ana aproni yake. Mwanamke anatembea mbele na nguruwe anamfuata, na nyuma yao misonobari iko wazi, na njia kati ya misonobari imenyooka. Hakuchora kingine. Aliituma London. Imogen alikawia kupiga, na alipopiga sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Hujawahi kuchora picha nzuri kama hii. Nimeiweka ukutani, nikaiondoa. Siwezi kuichapisha, Avril."

"Najua. Nilitaka tu mtu aione."

Hakumwonyesha Clifford.

Ilikuwa Novemba, mchana, mvua nyembamba. Avril alitoka kumpelekea mumewe chai, akakuta mlango wa banda la zana umeegeshwa. Banda lilikuwa tupu kwa sasa, sakafu imefagiwa. Clifford alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofudikizwa, bunduki yake ya marisau magotini.

"Naisafisha," alisema.

Hapakuwa na kitambaa, wala mafuta. Avril alitazama mikono ya mumewe. Aliweka kikombe chini. Akakaa sakafuni karibu naye, mgongo ukutani.

"Nipe niisafishe mimi," alisema.

"Hujui."

"Utanielekeza."

Mvua ilipiga bati. Avril alimwambia jambo la kweli lililokuwa karibu zaidi.

"Cliff, mimi siwezi kukaa peke yangu hapa na hiki kimya. Siwezi. Nimechoka nacho tayari na wewe upo."

Clifford akanyoosha mkono bila kumtazama, akamkabidhi bunduki. Ilikuwa nzito kuliko alivyokumbuka. Alitoka nayo mvuani, akapita uani, akaingia jikoni, akaiweka juu ya kabati, na kumpigia Denzil Garrod, kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa karibu.

Denzil hakuwa amekanyaga shambani kwao tangu Agosti. Mkewe alikuwa ameacha pai mara mbili langoni na kuondoka. Alifika kabla simu haijapoa, mtu mkubwa mwekundu, amevaa ndala za ndani kwa haraka. Hakuuliza swali. Aliichukua bunduki, akaitoa risasi, akaifunga kwenye gari lake. Kisha akaingia bandani, na Avril aliposogea mlangoni alimsikia akisema:

"Wewe mzee, hili banda lako linavuja."

"Linavuja tangu baba yako hajaoa," Clifford alijibu kwa sauti iliyokauka.

"Haya, inuka. Twende kwa daktari. Nakwenda na wewe."

"Sina ugonjwa."

"Nani kasema una ugonjwa? Nina ndala miguuni, nitaumwa mimi. Twende."

Akaenda. Kabla ya kuingia garini Denzil alirudi kwa Avril, akasimama akizungusha funguo kidoleni.

"Sikuja," alisema. "Miezi yote hii. Nilikuwa naliona paa lenu kila siku nikilisha wangu."

"Ulikuwa na sababu. Mikeka, dawa, Wizara..."

"Mikeka iliondolewa Oktoba." Aliacha kuzungusha funguo. "Ulimrudisha yule kwa ajili ya wangu. Ningekuwa mimi nisingeweza. Ningemwacha apite, na Mungu angenisamehe au asingenisamehe. Ndiyo maana nilishindwa kuja. Ningekutazama vipi?"

Avril alimshika mkono, mkono mkubwa uliolowa mvua, na wakasimama hivyo mpaka Clifford alipopiga honi.

Clifford alilazwa wiki kadhaa katika hospitali ya mjini. Avril alikwenda kila alipoweza, wakacheza karata, wakazungumza habari za hali ya hewa. Aliporudi nyumbani alikuwa amepungua na vidonge vilimfanya asinzie mchana, lakini alikuwa akimtazama mkewe tena anapozungumza. Hilo lilikuwa jambo kubwa, na Avril alilishika hivyohivyo lilivyo.

Kipupwe kilipoisha Bi Prewitt akapiga simu. Kabla ya Agosti Avril alikuwa ameahidi kuja kuwasomea watoto wa darasa la kwanza. Mwalimu alisema angeelewa kabisa kama hawezi tena.

"Nitakuja," Avril alisema.

Aliketi kwenye kiti kidogo mbele ya watoto waliokaa zuliani, akafungua kitabu cha plamu. Alisoma kurasa tatu. Watoto hawakucheka. Wengi walikuwa watoto wa mashamba. Binti mmoja asiye na meno ya mbele, ambaye baba yake alikuwa kibarua wa nguruwe na sasa hakuwa na kazi, aliinua mkono na kuanza kusema kabla hajaitwa.

"Bi Stannard, Bi Komeo naye aliuawa?"

"Dora!" alisema Bi Prewitt. "Bi Komeo yuko kitabuni, mpenzi. Wa kitabuni hawafi."

Avril alifunga kitabu. "Wote waliuawa," alisema. "Ndiyo. Naye pia."

Bi Prewitt alikuwa amekwisha kuinuka.

"Kwa nini hakufungua?" aliuliza Dora. "Si anajua kufungua?"

"Alifungua. Alifika mpaka msituni. Mimi nikamwita, akarudi."

"Kwa nini ulimwita?"

"Tuliogopa atawaambukiza nguruwe wa jirani, wafe wote. Nilidhani anaweza kuwa mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

Mtoto alifikiri. Hakuna mtu mzima aliyekuwa amemuuliza Avril hayo, moja baada ya jingine, bila kugeuza uso. "Baba yangu analia," Dora alisema hatimaye. "Anaenda kulia kwenye gari. Bwana Stannard naye analia?"

Bi Prewitt alipiga makofi na kutangaza kwamba ni wakati wa maziwa.

Langoni, mwalimu huyo alimshika Avril kiwiko. "Wana miaka sita," alisema, midomo imebana. "Kesho nitakuwa na wazazi hapa mlangoni. Ungeweza kusema jingine lolote."

"Ningeweza," Avril alisema.

Nyumbani alimkuta Clifford anamenya viazi, kazi aliyopewa na daktari ya kushughulisha mikono, na aliyokuwa akiifanya vibaya.

"Wanasemaje vitoto?" aliuliza.

"Nimewaambia, Cliff. Yote. Kwamba nilimwita."

Kisu kilisimama. "Wakasemaje?"

"Mmoja kaniuliza kama ulilia."

"Ukamjibu nini?"

"Maziwa yalikuja kabla sijajibu. Ningemwambia bado."

Clifford aliweka kiazi chini. Akaenda kwenye sinki, akafungua maji yaende kwa nguvu, akashika kingo za sinki kwa mikono miwili. Mabega yake yalianza kutikisika. Alilia kwa sauti mbaya, ya mtu asiyejua inavyofanywa, na katikati yake akasema, "Wewe ulikuwa peke yako pale. Mimi nikaingia ndani. Nikakuacha na yule mtu na ndoo." Avril alimwendea, akafunga maji yaliyokuwa yakimwagika sakafuni, akaegemeza paji la uso mgongoni kwake. Viazi havikupikwa siku hiyo.

Hawakufuga tena. Vibanda vya bati viliuzwa, na ardhi wakamkodisha mtu wa vitunguu. Clifford aliendesha lori la kiwanda cha sukari misimu michache, akawa mtu wa maneno machache kuliko zamani, na moyo ulimsimama akiwa usukani, lori limeegeshwa, foleni ya kupima mzigo imesogea bila yeye. Denzil Garrod alibeba jeneza upande wa mbele.

Kitabu cha saba hakikutoka. Avril alipata kazi jikoni kwenye nyumba ya wazee, na mara nyingine aliwachora wazee hao wakisinzia, ikiwa waliruhusu. Vile sita viliendelea kuchapishwa, na watoto waliendelea kumwandikia kuuliza kingine kitakuja lini. Aliwajibu wote kwa mkono wake. Aliwaambia kwamba Bi Komeo amekufa, kwamba alikufa siku ya jua akiwa anakula, na kwamba hakuogopa. Hilo la mwisho hakuwa na hakika nalo. Aliliandika kila mara.